Msemaji wa Watu Hana wa Kumsemea

Haya aliniambia Vestine, msusi wa nyuma ya soko la Rumonge, Jumanne iliyofuata wikendi ya Asomusiyo, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kichwa changu kilikuwa magotini mwake, na mtu aliyeshikwa kichwa na msusi hana budi kusikiliza. Mengine aliyaona kwa macho yake. Yaliyobaki alipewa na Fahima, na Fahima namwamini, maana ndiye anayenishonea nguo na hajapata kunipunja kitambaa.

Mwaka huo Asomusiyo iliangukia Ijumaa. Wakristo walikuwa na misa yao, Waislamu walikuwa na Ijumaa yao, na wote pamoja walikuwa na siku tatu za kupumzika. Magari ya Bujumbura yalianza kushuka tangu asubuhi yakiwa na watoto vichwa nje, na ufukweni kote kulinuka samaki wa mukeke wa kuchoma.

Fahima alikuwa ameifunika cherehani yake tangu Alhamisi. Alikaa na Vestine kwenye mkeka mbele ya saluni, sahani ya ndizi na ndagala, dagaa wa ziwani, katikati yao, wakingoja saa tisa, saa ya filimu ya akina mama.

"Mimi wikendi ndefu nazihesabu kwa filimu," Vestine alisema huku akinyonya kidole chenye pilipili. "Noeli ilikuwa ile ya muzee mufalme aliyegawia mabinti yake inchi."

"Aliyewauliza nani ananipenda zaidi."

"Mupumbavu! Angekuwa wa hapa kwetu angeuliza nani atanitafunia nyama meno yakiisha."

Fahima alicheka hadi ndagala zikamwenda puani. "Na Pasaka, wale wachawi watatu na chungu chao?"

"Usinikumbushe. Mama Généreuse alitoka nje, akaapa hawezi kukaa chumba kimoja na wachawi, hata wakiwa wa Ulaya. Dakika tano, huyo amerudi! 'Mwee, wamepika nini?'"

Filimu hizo zilikuwa za michezo ya Mwingereza mmoja wa kale, aliyekufa miaka mia nne iliyopita, ila wazungu hawajachoka kumwigiza. Aliyezileta Rumonge ni Aristide, mwalimu wa Kiingereza kule lise, shule ya sekondari. Kila wikendi ya sikukuu alikuja na moja kwenye flashi, akakaa siku mbili na kijana Hamidou, mfasiri wa filimu, wakichambua maneno yake magumu kama watu wanaochambua mchele. Kisha Hamidou alikaa na mikro yake, kipaza sauti, nyuma ya ukumbi wa filimu wa Mzee Dismasi, akayasema yote kwa Kiswahili, sauti ya mzee, ya binti, ya askari, ya mbwa. Bahari ikawa ziwa. Meli ikawa boti ya Kabonga. Na alikuwa na sheria moja ambayo Rumonge nzima iliijua: neno asilolisikia hakulitunga. Alisema tu, "Hapa sikusikia, ndugu zangu," akaendelea. Kwa hiyo mengine yote watu waliyaamini.

Kwa kinywa hicho walimtafuta hata kwa posa. Mtu hawezi kujiombea mke mwenyewe. Lazima atume msemaji, aende akaeleze. Hamidou alikuwa amesemea watu kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walipewa.

Yeye mwenyewe alikuwa hana wa kumtuma. Wazazi wake walifia kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo, Tanzania, akarudi Burundi peke yake na begi moja. Mchana alitengeneza mashine za boti. Na tangu mwaka jana, kila alipopita mbele ya cherehani ya Fahima, alikuwa na shati lenye kifungo kimoja pungufu. Fahima alishona vifungo hivyo vyote akijua vizuri nani anavikata.

Baba yake Fahima alikwisha fariki, naye alilelewa na baba yake mkubwa, Hadji, pamoja na mabinti watatu wa Hadji mwenyewe. Hadji hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na neno lake, na alilisema kila kijana asiye na ukoo alipotajwa: "Msemaji si mapambo. Msemaji ndiye ninayemwita siku wakigombana. Asiye na msemaji, nitamwita nani? Ukuta?"

"Na Jumapili?" Vestine aliuliza, sauti imeshuka.

Kicheko kilimtoka Fahima usoni. Jumapili, baada ya alasiri, wageni walikuwa wanakuja nyumbani kwa Hadji. Jamali wa Nyanza-Lac, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa amefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, na dada zake walikuwa wamemchagulia mwingine. Walimchagulia Fahima.

"Nilimwambia Hamidou Jumatano. Nikamwambia tafuta mtu yeyote, imamu, fundi, hata muvuvi wa Magara, aje kabla ya Jumapili. Akanijibu nitatafuta."

"Amepata?"

"Tutamwona leo. Nitamjua kwa sauti."

Basi wakaingia ukumbini. Mabenchi yalijaa akina mama na watoto wao wachanga, karanga na Fanta sitroni. Filimu ilikuwa ya binti aliyezamiwa na boti, akatupwa ufukweni kwa watu asiowajua. Kwa kuogopa, akavaa nguo za kiume, akaingia kazini kwa bwana mkubwa mmoja. Akampenda yule bwana. Na bwana, bila kujua, akamtuma kupeleka maneno yake ya mapenzi kwa mwanamke mwingine.

"Huyu amekwisha!" mama mmoja alipiga kelele. "Anabeba maji, kiu imemshika mwenyewe!"

"Mwambie, mutoto, mwambie!"

Kwenye kitambaa cheupe binti alisimama mbele ya yule mwanamke, akafungua kinywa. Hamidou akaanza: "Bwana wangu amenituma niseme kwamba…" Kisha kimya. Binti wa filimu alikuwa anasema, midomo yake ilionekana, Kiingereza chake kilisikika wazi. Hamidou alikohoa kidogo kwenye mikro.

"Hapa sikusikia, ndugu zangu."

Wanawake waligeuka nyuma wote. Fahima aligeuka pia. Katika mwanga ule hafifu Hamidou hakuwa anatazama filimu. Alikuwa anamtazama yeye, naye alipokutwa aliinamisha macho.

Umeme ukakatika, kama kawaida yake, na Mzee Dismasi akaenda kuwasha jenereta. Vestine alitoka kununua karanga. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fahima. Dismasi anasema Jumapili Jamali amepata msemaji. Msemaji mwenyewe huyu hapa wa mikro."

Fahima alijifunga kanga kiunoni, akapita kati ya mabenchi hadi kile kichumba cha nyuma chenye nyaya na joto. Hamidou alisimama haraka, kiti kikaanguka.

"Ni kweli?"

"Fahima, nisikilize kwanza."

"Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli. Lakini waliponijia Jumatatu walisema binti wa kwa Hadji. Hadji ana mabinti watatu wa kuzaa! Nikajua ni mmoja wao; siku hawakuitaja, na wewe Jumatano hukunitajia Jamali. Jina lako Jamali amelitaja leo asubuhi, ananifundisha namna ya kulitamka."

"Na ulipolisikia ukasemaje?"

Hamidou aliangalia mikono yake yenye alama za grisi. "Nilikuwa nimeshakunywa kahawa yao."

Pale kwetu, aliyetumwa posa akinywa kahawa ya anayemtuma, amekubali, hawezi kuitapika. Fahima alilijua hilo. Kulijua hakukumsaidia kitu.

"Kahawa," alisema polepole. "Kikombe kimoja cha kahawa. Ungejitia ugonjwa! Ungesema umevunjika mguu!"

"Nikisema uongo huko, hata nikija kukuomba wewe, nani ataniamini? Kinywa hiki ndicho mali yangu yote."

"Basi nenda nacho. Kaseme. Na useme vizuri, usije ukaniaibisha mbele za watu." Akakaza fundo la kanga yake. "Mimi maneno yangu yameisha."

Akaondoka na filimu haijaisha. Vestine alimfuata, na nyuma yao akina mama walikuwa wanapiga benchi, wanataka kujua binti yule atafanyaje.

Jumamosi Fahima hakusema neno. Alipika kimya, akafua kimya. Bibi yake Mariyamu, mama yake Hadji, alimwuliza ameng'atwa na nini. Akatikisa kichwa tu. Saa tano, Hamidou alifika mlangoni pa chumba cha kushonea, ametoka kazi za pamoja za mtaa, miguu ina tope. Alikuwa na shati jeupe mkononi. Kifungo cha juu kilikuwa hakipo.

Fahima alilipokea. Akatafuta kifungo kinachofanana, akatia uzi, akashona. Hamidou alisimama kizingitini, hakuthubutu kuingia, hakuthubutu kuondoka. Mtu aliyesemea wafalme na wachawi hakupata hata salamu ya kutoa. Fahima alipomaliza aliukata uzi kwa meno, karibu sana na kitambaa kile, na harufu ya sabuni yake ikampanda. Akamrudishia shati bila kumtazama. Vidole vyao viligusana, labda kwa muda unaotosha kusema "bismillahi."

"Murakoze," Hamidou alimshukuru.

Cherehani ikaanza kunguruma.

Jumapili baada ya alasiri wakaja. Wanaume walikaa sebuleni juu ya zulia, wanawake nyuma ya pazia. Fahima alikuwa katikati ya Bibi Mariyamu na Vestine, amejifunika. Kupitia upenyo wa pazia aliona shati jeupe na kifungo chake cha juu.

Jamali alikuwa mtu mnene, mwenye macho ya upole, jasho linamtoka kama anayevuka mlima. Maneno yalikuwa yanamkwama toka utotoni. Ndiyo maana alihitaji msemaji kuliko wengine wote. Kahawa ikazunguka, mandazi yakazunguka, wakaulizana hali, mvua, bei ya mawese. Kisha Hadji akasema, "Haya. Tumwachie mwenye ulimi."

Hamidou akasema. Alisema bila kupunguza na bila kuongeza: ukoo wa Jamali, kazi yake, nyumba yake, jinsi alivyomuuguza marehemu mkewe kwa mikono yake hadi mwisho. Vestine aliniapia kwamba hata yeye alimwona Jamali kuwa mume mwema, na akachukia. Fahima alifumba macho. Kila neno lilikuwa zuri, na kila neno lilikuwa la mtu mwingine.

Alipomaliza, Bibi Mariyamu alikohoa nyuma ya pazia. Bibi wa bi harusi ana haki ya kuuliza.

"Tumesikia, mwanangu. Huyo bwana, mjukuu wangu amemwonea wapi?"

"Hapo, Bibi, sikutumwa neno."

"Mm. Na amempendea nini?"

"Hapo pia sikutumwa neno."

"Umetumwa na mfuko mutupu, wewe! Haya, la mwisho. Mtoto huyu ana tabia yake mbaya, heri niiseme leo msije mkanirudishia. Akikasirika anafunga kinywa. Siku tatu! Mume wake atafanyaje siku hizo tatu?"

"Siku mbili, Bibi," Hamidou alisema. "Siku ya tatu anakuja kukohoa mlangoni, ili aulizwe ana nini."

Wanaume walicheka. Kisha kicheko kikaisha taratibu, kimoja kimoja, kila mtu alipoanza kufikiri. Hadji aliweka kikombe chini.

"Wewe umejuaje hayo?"

Hamidou, kinywa cha Rumonge, alikaa kama filimu iliyokatika umeme. Nyuma ya pazia Vestine aliuma kitambaa chake.

Aliyevunja kimya ni Jamali. "N-na akifurahi je, ndugu yangu? Anafanyaje?"

"Bwana Jamali, tafadhali. Usiniulize."

"N-nakuuliza. Mimi ndiye n-niliyekutuma."

Hamidou alivuta pumzi. "Anaimba kwa pua, anafuata cherehani. Akifika mwisho wa pindo ananyamaza, anaangalia kazi yake. Kisha anaanza upya."

Jamali aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Alijifuta jasho kwa leso kubwa, akamgeukia Hadji. Dada yake nyuma ya pazia alianza kuguna, hakumjali.

"Mzee wangu. M-mimi jina la binti huyu nimelijua mwezi huu. Dada zangu w-walinipa, kama wanavyonipa shati la kuvaa. Mtu huyu… mtu huyu hakunisaliti. Amesema yangu yote, tena amenipendezesha, hata mimi n-nilijitamani." Watu wakacheka, naye akacheka nao. "Lakini n-naona aibu kuchukua wimbo wa mtu. Kahawa niliyokunywa hapa, n-naomba ihesabiwe kwa jambo lingine."

"Jambo gani?" Hadji aliuliza. Uso wake haukuonyesha kitu.

"N-namsemea huyu. Hamidou. Anamtaka binti yako. Ni… ni mtu mwema." Akatafuta maneno mengine, hakuyapata. "Basi. N-nimemaliza."

Katika posa zote zilizosemwa Rumonge, Vestine anasema, hakuna iliyokuwa fupi hivyo.

Hamidou alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia. Hadji alimgeukia Jamali.

"Unalijua neno langu? Msemaji ndiye ninayemwita."

"Wakigombana n-niite mimi. Nyanza-Lac ni saa moja kwa gari. Usiku, mchana, n-nitakuja." Akaongeza, "S-sitasema mengi."

Hapo Hadji mwenyewe alishindwa, akacheka, tumbo likatikisika. "Wallahi, afadhali yako. Wasemaji wa maneno mengi nimeshachoka nao." Akainua sauti kuelekea pazia. "Haya, tusikie upande wa binti."

Desturi ya pale ni kwamba binti hajibu. Anakaa kimya, na kimya chake ndiyo ruhusa. Watu wakangoja kimya. Kimya kikaja. Lakini Hadji alikunja uso, na Bibi Mariyamu akamgeukia mjukuu wake, maana wote nyumbani waliijua hesabu: binti huyu hakufungua kinywa tangu Ijumaa. Kimya cha Fahima kingeweza kuwa ndiyo, na kingeweza kuwa hasira tupu.

"Ni kipi hiki sasa?" Hadji alinong'ona.

Hamidou aliinua kichwa, akalitazama pazia. Fahima alimwona kwenye upenyo ule mdogo: macho mekundu, kifungo cha juu kimefungwa kama mtoto wa shule. Ijumaa, akahesabu. Jumamosi. Na leo ni ya tatu.

Akakohoa.

Kikohozi kidogo tu, cha mtu aliyesimama mlangoni. Vestine alipiga kigelegele kabla ya wakati, Bibi Mariyamu akamfinya.

Sebuleni Hamidou alijisogeza kwenye zulia hadi karibu na pazia, kwa magoti, mbele ya wazee wote.

"Fahima," alisema, na sauti hiyo haikuwa ya mzee wala askari wala mfalme yeyote. "Una nini?"

"Nina kiu," Fahima alijibu. "Na wewe umechelewa."

Sasa Vestine aliachiwa, akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza. Jamali alikula mandazi sita, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja, dada yake akimsema njia nzima hadi kwenye gari. Hamidou alimsindikiza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Baada ya sala ya isha nyumba ikatulia. Mabinti wa Hadji walilala. Hadji alilala, mkoromo wake ukasikika hadi uani. Fahima alijilaza kitandani na Bibi Mariyamu, kama alivyolala naye tangu utoto, na dirishani upepo wa ziwa ulikuwa unachezea pazia.

"Fahima."

"Ee, Bibi."

"Yule binti wa filimu niliyesimuliwa na Vestine, aliyevaa suruali. Alimpata bwana wake?"

"Sijui, Bibi. Nilitoka kabla haijaisha."

"Mwee! Siku tatu hizi sijui mwisho?"

"Nitamwuliza Hamidou kesho."

"Mwulize." Bibi alijigeuza ukutani. "Lakini alimpata. Ingekuwa hakumpata, wale akina mama wangevunja mabenchi, na tungesikia mpaka hapa."

Akacheka peke yake, kisha pumzi yake ikawa nzito. Fahima alibaki macho kidogo, anaimba kwa pua, polepole, asimwamshe. Alipofika mwisho wa pindo alinyamaza. Mara hii hakuanza upya, maana usingizi ulikuwa umemchukua.